Mwamuzi Aliyepanda Uru na Jani la Isale

Mwamuzi wangu amefariki. Habari nilizipata buchani, pale Njoro, nikisubiri nusu kilo ya mifupa ya supu ya mtori, na aliyenipa ni muuza nyama mwenyewe, kisu kikiwa bado mkononi. "Mwandishi, pole. Yule mzee wenu wa kofia nyeupe ametutoka leo alfajiri." Nilimwambia amekosea, kwa sababu Ijumaa tulikuwa tumekaa naye tukibishana mpaka chai ikapoa. Muuza nyama akatikisa kichwa. "Hata mimi Ijumaa aliniambia nimempunja," akasema, akafunga nyama yangu kwenye gazeti. Naandika haya nikiwa na huzuni, nisikufiche msomaji, lakini ni huzuni isiyokubali kuinamisha kichwa. Kuna watu ukiwalilia sana unakuwa kama hukuwajua. Huyu alishinda. Nitakueleza alichoshinda, na nitakueleza pia ni wapi mimi nilishindwa, maana mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Kwanza nimtambulishe. Kwao ni Tabora. Alikuja Moshi kijana kabisa kufanya kazi ya ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule tambarare, na huko akakutana na kriketi kwa bahati mbaya, kama anavyosema kila mtu aliyewahi kuipenda. Injinia wao alikuwa na timu iliyopungukiwa mtu mmoja, akamwona fundi mrefu mwenye mikono mirefu, akamwita. Alicheza mpaka goti likakataa. Goti lilipokataa akasomea uamuzi, akanunua kofia nyeupe, na kwa miaka mingi hapakuwa na mechi ya maana mjini hapa ambayo hakuisimamia. Mimi nilimfahamu siku mhariri wangu aliponituma uwanjani kwa kuwa mwandishi wa michezo alikuwa anaumwa. Sikujua lolote. Mapumziko yalipofika nikamwuliza ni nani anaongoza, akanitazama kama mtu aliyeulizwa mlima uko upande gani. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, maneno machache yanatosha. Kuna mpigaji mwenye gongo, nyuma yake kuna vijiti vitatu, na kuna mtu anayekuja mbio kumletea mpira. Huyo anayekuja mbio tunamwita bola. Kazi yake ni kuviangusha vile vijiti, na sheria inamtaka aupeleke mpira kwa mkono unaozunguka juu ya bega, si kuurusha kama mtu anayerusha jiwe. Akirusha, mwamuzi ananyoosha mkono pembeni na kutangaza kwamba mpira ni haramu. Shikilia hilo, maana kila kitu kimesimama juu yake.

Ubishi wetu sisi wawili ulikuwa juu ya mabola wa kasi. Nani alikuwa mkubwa kuliko wote tangu mchezo huu uanze? Tulibishana miaka, kila Ijumaa, kwa chai na maandazi, na sidhani kama kuna siku tulikubaliana. Mimi ni mtu wa kasi tupu. Niliwatetea wale warefu wa visiwa vya Karibi ambao wapigaji waliwaota wakiwa bado kwenye ndege. Siku nyingine nilimtetea Mwaustralia mmoja aliyemtazama mpigaji kana kwamba amemwibia kuku. Yeye alinisikiliza, akakoroga chai yake, kisha akanibomoa taratibu. "Basi la mkoani nalo lina kasi," alikuwa akisema. "Usiniambie kasi. Niambie alifanya nini mpira ulipochakaa, jua likiwa la utosi, uwanja mgumu, wenzake wamechoka wanatamani nyumbani." Ndiyo maana yeye alipenda Wapakistani, ambao mpira mkuukuu mikononi mwao ulikuwa unapinda dakika ya mwisho na kumkanyaga mpigaji vidole. Na alikuwa na kipimo kingine ambacho sijakisikia kwa mtu mwingine. Alisema ukitaka kumjua bola mkubwa, usitazame mpira alioangusha nao vijiti, tazama mpira aliouleta baada ya kupigwa vibaya mbele ya watu. Bola mdogo huleta hasira. Bola mkubwa huleta mpira uleule aliokusudia tangu mwanzo. Nikamwambia hiyo ni falsafa, si kriketi, akanijibu kwamba wivu wetu sisi Wachagga unanizuia kuona.

Sasa niwaeleze lililotokea. Misimu kadhaa iliyopita palikuwa na mechi ya mchujo ya wasichana hapa mjini, na watu wa kuchagua timu ya taifa walikuwa wamekuja. Miongoni mwa wachezaji alikuwamo binti mmoja wa kutoka Uru, kule mlimani, mwanafunzi wa sekondari, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi. Alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba majani ya ng'ombe tangu utotoni, na alikuja mbio kama anayeteremka mlima, kwa sababu kukimbia kwenyewe alijifunzia mteremkoni. Wapigaji wawili waliondoka bila kujua kilichowapata. Wale wa kuchagua timu, waliotoka Dar, wakaanza kunong'onezana. Na hapo mwamuzi wangu, aliyesimama pembeni, akanyoosha mkono. Mpira haramu, anarusha. Mpira uliofuata akanyoosha tena. Wa tatu pia. Kisha akamwita nahodha na kumwagiza ampokonye mpira, kwa kuwa mkono wa binti ulikuwa umepinda kwenye kiwiko na kila mtu aliuona. Binti alivua viatu vya mchezo, ambavyo havikuwa vyake, akaviweka mstarini vikiwa vimepangwa vizuri, akaondoka pekupeku.

Mimi nilikuwepo, na nilifanya nini? Nilikwenda kuandika. Humu humu, kwenye safu hii mnayoisoma, niliandika kwamba kijana mmoja wa Uru alitushangaza kwa kutuonyesha namna wanavyoangua maparachichi kwao. Nilijiona mcheshi. Watu walinipigia simu wakicheka. Sikujua, na sikujisumbua kujua, kwamba shuleni kwao safu hii ilibandikwa ubaoni, na kwamba kuanzia wiki ile yule binti hakuitwa tena jina lake. Aliitwa Parachichi. Mpira hakuugusa tena. Alimaliza kidato cha nne, akarudi kihambani, kwenye shamba la migomba la wazazi wake, akakata majani.

Misimu miwili ikapita. Siku moja mwamuzi wangu alikwenda hospitali ya Mawenzi kupima shinikizo la damu, akaketi kwenye benchi na wagonjwa wenzake. Mama mmoja aliyeketi karibu naye akamtazama kwa muda mrefu, mwishowe akamwuliza, akimwita mzee kwa Kichagga, "Samahani, meku. Si wewe ulimfukuza mwanangu kwenye mpira?" Akakiri kwamba huenda ni yeye. Mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ungemwambia anyooshe mkono, ungeona haunyooki. Alianguka kwenye mparachichi akiwa darasa la tatu, tukachelewa kumleta, mfupa ukajiunga hivyo hivyo. Hata ishara ya msalaba anafanya umepinda." Mwamuzi wangu aliniambia kwamba walipomwita ndani na kumpima, daktari alimwuliza kama amepanda ngazi mbio.

Alirudi nyumbani akafungua kitabu cha sheria, kile kile alichokuwa akitembea nacho miaka yote. Sheria haisemi kwamba mkono uliopinda ni haramu. Inasema ni haramu kiwiko kunyooka wakati mkono unazunguka kuuachia mpira. Mkono uliopinda na ukabaki umepinda haujavunja lolote. Alikuwa ameusoma mstari ule mamia ya mara, na siku ya mchujo macho yake yaliona kupinda yakaishia hapo, wakati alichotakiwa kuangalia ni kunyooka. Ijumaa ile hatukubishana juu ya bola yeyote. Alinisimulia yote, nami niliposikia neno mparachichi, nilirudisha andazi sahanini.

Alitaka kwenda kuomba radhi, na wenzake waamuzi walimzuia kwa maneno mazito. Walimwambia mwamuzi akianza kuomba radhi kila mchezaji atadai yake, na nani atamwogopa tena? Akawajibu, "Mimi sikusomea kuogopwa." Kisha akanigeukia mimi. Kwa kuwa mimi ni Mchagga na yeye ni mtu wa kuja, akaniuliza sisi tukimkosea mtu tunafanya nini. Mimi nimezaliwa Moshi mjini, baba yangu aliuza vipuri vya magari, na mila za mlimani nilizisikia harusini. Lakini nani akubali kuaibishwa na mtu wa Tabora kuhusu mila za kwao? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: chukua isale, mpelekee, hawezi kukataa. Ndivyo ilivyo kweli, msomaji. Jani la isale likiletwa kuomba msamaha halirudishwi hivi hivi. Nilichosahau kumwambia ni jinsi ya kulichukua.

Tulipanda Uru Jumamosi asubuhi. Njiani, kabla ya kufika kwao binti, akaona masale yamestawi kando ya njia, yamejipanga vizuri, akafurahi. Kabla sijasema kitu fundi wa mitambo akawa ameinama, ameshika shina kwa mikono miwili, ameng'oa mti mzima na mizizi yake na udongo ukidondoka. Migomba ikafunguka akatokea bibi mmoja mwenye panga, kitenge kimefungwa kiunoni. "Yesu na Maria! Meku, unang'oa mpaka wangu?" Maana isale ndilo tunalopandia mipaka, na ule mpaka, kama tulivyokuja kuambiwa kwa kirefu, ulikuwa umesuluhishwa juzi tu baada ya ugomvi wa miaka na shemeji yake. Mzee wa watu akasimama pale, kofia nyeupe kichwani, mpaka wa watu mkononi, akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msamaha." Bibi akamwuliza, "Wa huu mpaka?" Akajibu, "Hapana. Wa jambo lingine. Ila sasa na wa huu."

Bibi alicheka mpaka akaweka panga chini. Tulirudishia mti wake shimoni, tukaushindilia kwa miguu huku akitusimamia kwa karibu sana. Alipoelezwa habari yote akaacha kucheka, kwa sababu binti alimfahamu na jina la Parachichi alilisikia. Akachuma jani moja kutoka upande wake wa mpaka, akalipiga fundo, akalishika yeye mwenyewe. "Hili haliendi na mwenye kosa peke yake," akasema. "Anatangulizwa mtu." Akanigeukia. "Na huyu naye kakosa nini?" Nikasema mimi ni msindikizaji tu. Nalikumbuka jibu hilo kila siku.

Nyumbani kwao tulikaribishwa, tukapewa mbege, pombe ya ndizi, na bibi akazungumza Kichagga kwa muda mrefu. Kisha mwamuzi akasimama. Hakuzunguka. "Mwanangu, nilisema unarusha. Hukuwa unarusha. Sheria ilikuwa upande wako na mimi sikuiona. Nimekukosea." Binti alipokea jani kwa mikono yote miwili, ule ulionyooka na ule usionyooka. "Nimelipokea, mzee," akasema. "Jani halikataliwi. Ila hapa tupo watu sita. Siku ile uwanja ulijaa." Mwamuzi akamwuliza anataka nini. "Nikirudi, usimame wewe. Palepale uliposimama. Waliokusikia siku ile wakusikie tena." Mama yake alitaka kumkemea kwa kumpangia mtu mzima, lakini mwamuzi akasema, "Ana haki." Na mimi? Nilikuwa nimeketi mita mbili kutoka kwake, uso wangu haujui, jina langu analijua sana. Nilimaliza mbege yangu nikasema aika, yaani asante, nikanyamaza.

Alikuwa ameshastaafu, lakini aliomba mechi moja. Walimpa kwa shingo upande. Miezi ile binti alifanya mazoezi kila jioni kwenye uwanja wa shule yao ya zamani, akiteremka toka mlangoni mpaka katikati, na siku ilipofika wapinzani walikuwa timu kali ya kutoka Dar. Watu walijaa, wengine wamekuja kwa kriketi, wengine kwa umbea. Kabla mchezo haujaanza, mwamuzi aliwaita manahodha na makocha wote mbele ya jukwaa. Akamwomba binti akunje mkono wa jezi na kujaribu kuunyoosha mkono wake, kila mtu aone unapofika na unaposimama. Akasoma mstari wa sheria kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo. Kisha akasema, "Misimu miwili iliyopita nilisimama hapa nikasema binti huyu anarusha. Nilikosea. Kosa ni langu, si la sheria, na si lake."

Ningependa kuwaambia mpira wake wa kwanza uliangusha vijiti. Haukuangusha. Ulikwenda kombo kabisa, hofu tupu. Wa pili mpigaji aliupiga ukavuka mpaka wa uwanja hewani, mikimbio sita, alama nyingi kuliko zote kwa mpira mmoja, na mtu mmoja jukwaani akapaza sauti, "Parachichi!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimjua aliyewafundisha neno lile. Nikamtazama mwamuzi, naye hakuwa akimtazama binti wala jukwaa, alikuwa anautazama ule mkono tu. Binti akarudi mwanzo wa mbio zake, akaugeuza mpira mkononi, akaja. Hakuongeza kasi wala hakuleta hasira. Alileta mpira uleule aliokuwa ameukusudia tangu mwanzo, chini, kwenye vidole, na kijiti cha katikati kikang'oka kikaenda kulala kule. Kocha wa Dar akaingia uwanjani akikimbia, akipiga kelele kwamba anarusha, jamani anarusha! Na yule mzee mwenye goti bovu akajibu kwa sauti iliyofika barabarani: "Mpira halali!" Kocha akabisha. "Mpira halali!" Sijawahi kusikia maneno mawili yakishangiliwa hivyo. Mama yake binti alipiga kigelegele, bibi wa mpaka akapiga chake, na jukwaa zima likasimama. Mpaka jioni binti alikuwa amewatoa watano, Moshi tumeshinda, na wale wa kuchagua timu ya taifa walikuwa wamepanga foleni kuzungumza na mama yake.

Ijumaa iliyofuata, mimi nikiwa bado nimelewa ushindi, nilimwambia mwamuzi kwamba sasa orodha yetu ya mabola wakubwa imepata mtu mpya. Alinikatalia palepale. "Usimharibu kwa sifa. Wale wengine walifanya hivyo miaka kumi na tano, kila bara, kila joto. Yeye kafanya Jumamosi moja." Akanywa chai. "Lakini ule mpira wa tatu, ungeletwa na yeyote kati yao, angejivunia." Nakiri leo, kwa kuwa hawezi tena kunitambia, kwamba kipimo chake kilikuwa bora kuliko changu. Kasi huonekana na kila mwenye macho. Kurudi kutoka kwenye aibu na kufanya jambo sahihi lilelile ndiko kunakotenganisha wakubwa na wenye haraka. Na sikusubiri niambiwe kwamba hilo halihusu mabola peke yao. Sisi tunaopewa chaki, mihuri, filimbi na kalamu tunasema neno moja, jioni tunalala usingizi mnono, na mtu mwingine analibeba neno lile miaka. Tunajua kukosea hadharani. Kusahihisha tunataka kufanyike chumbani, kwa sauti ya chini, ikiwezekana mhusika akiwa hayupo.

Tulimzika Jumamosi hapa hapa Moshi, kwa kuwa alisema Tabora wamezoea kumkosa. Kwaya iliimba vizuri. Binti alikuja na wenzake wa timu ya taifa, wamevaa jezi, wakajipanga pande mbili za njia, na jeneza lilipopita kila mmoja akainua kidole kimoja juu, ishara ya mwamuzi ya kumwambia mpigaji kwamba zamu yake imekwisha, aende zake kwa heshima. Mchungaji mwenyewe alicheka, waombolezaji wakapiga makofi, nikaona wanaume wazima wakifuta machozi huku meno yakiwa nje. Kisha binti akapewa nafasi ya kusema. Hakusema mengi. "Watu wengi walinionea huruma," alisema. "Wengine walinicheka, wengine waliniambia nisahau. Huyu peke yake ndiye aliyekuja kusema amekosea."

Peke yake. Neno hilo nililisikia likitafuta mtu pale makaburini, na mtu huyo nilikuwa mimi, nimejificha nyuma ya mwavuli. Mwamuzi aliwahi kunigusia mara moja tu kwamba jani moja halibebi makosa mawili, nikajifanya sikuelewa, naye kwa ustaarabu wake hakurudia. Ningeweza kusubiri mpaka nikutane na binti mahali patulivu. Lakini nilichokikosea nilikikosea hapa, kwenye ukurasa huu, mbele yenu wote, na ninyi mliocheka mna haki ya kusoma kilichobaki.

Kwa hiyo, binti wa Uru, ni mimi niliyeandika yale ya maparachichi. Sikukujua, sikuuliza, na nilifurahia kicheko kuliko ukweli. Hukuwa umenikosea lolote. Nimekukosea mimi, na jina lile walilokuita ni mimi niliyewapa. Nimeshamwendea yule bibi wa mpaka, na baada ya kunisema vya kutosha amekubali kunitangulia, jani likiwa mkononi mwake. Tutafika kwenu Jumamosi hii inayokuja, asubuhi. Unaweza kunifungulia au kuniacha njiani, hilo ni lako kuamua. Hili la hapa halisubiri mlango: mpira wako ulikuwa halali tangu siku ya kwanza.